"Adoni yangu ni nyepesi, KB 200 tu": kwanini namba hiyo haikusaidii kitu

Mkuu mmoja kaniuliza hivi, nafupisha kidogo: anacheza gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft Classic, alikuwa na adoni (programu ndogo ya nyongeza ndani ya gemu) ya vibao vya wachezaji, vile vya kuonyesha jina na afya, inayosoma MB 6 kwenye orodha ya memori, akaona nyingine imeandikwa "nyepesi kupita zote, KB 200 tu, haili CPU", akahamia huko. Akaweka na ubao wa taarifa juu ya skrini unaomwonyesha kila adoni inakula memori kiasi gani, ili awe anazichunga. Sasa kwenye reidi (pambano la kikundi kikubwa dhidi ya mabosi) ya watu 40 gemu inashtuka, yani kila baada ya sekunde chache picha inaganda kidogo afu inaendelea, jambo ambalo zamani halikuwepo. Anauliza: wanatudanganya au kompyuta yangu imechoka?

Kompyuta yako haijachoka. Na kabla sijaenda mbali, zima ule ubao wa memori, uzime kabisa, usiufiche tu, cheza reidi moja afu uangalie. Mi nashuku huyo kabla ya yule wa KB 200.

Sababu ni hii. Ili ubao ujue kila adoni inakula kiasi gani lazima uite amri inaitwa UpdateAddOnMemoryUsage, na hiyo amri sio ya kusoma namba iliyokaa tayari mahali, inailazimisha gemu ipite kwenye vitu vyote vilivyopo kwenye memori ya Lua, lugha ambayo adoni zinaandikwa nayo, ikihesabu hiki cha nani na kile cha nani. Ukiwa na adoni 5 husikii kitu. Ukiwa na 60 zenye jumla ya makumi ya megabaiti, kila ikiitwa fremu moja (picha moja kati ya zile zinazochorwa kila sekunde) inachelewa na jicho linaona. Kuna mbao zinaiita kila baada ya sekunde 5 au 10 na hapo ndo unapata ule mshtuko wa kujirudia kama saa ya ukutani. Mbao zilizoandikwa kwa akili zinaiita pale tu unapopeleka mshale juu yake. Kwahiyo kuna uwezekano mkubwa umeweka mlinzi wa kuzuia wizi na mwizi ni mlinzi mwenyewe.

Sasa swali lako la pili, wanadanganya? Wengi hawadanganyi kwa maana ya kusema namba ya uongo. KB 200 kweli ni KB 200. Uongo uko kwenye kukufanya uamini kwamba namba hiyo ndo uzito.

Tuanze na memori yenyewe. Gemu nzima inakula gigabaiti kadhaa za RAM, ramani, sauti, picha za wahusika, vyote hivyo. Adoni zako zote kwa pamoja, hata ukiwa mlafi, mara nyingi ni megabaiti makumi kadhaa, labda mia na kitu kama una mita ya dameji (adoni ya kuhesabu nani kapiga kiasi gani) inayotunza kumbukumbu za mapambano ya wiki nzima. Tofauti ya MB 6 na KB 200 ni kama umepunguza kijiko kimoja kwenye pipa. Kuna enzi hii namba ilikuwa na maana, gemu ilivyotoka 2004 watu walikuwa na RAM ya MB 512 na kila megabaiti ilikuwa na mwenyewe, na isitoshe Lua ya wakati ule ilikuwa ikisafisha takataka (vitu visivyotumika tena kwenye memori) inasimamisha kila kitu mpaka imalize, kwahiyo memori kubwa ilimaanisha mgando mrefu. Toleo la 2.0 mwisho wa 2006 lilileta Lua 5.1 ambayo inasafisha kidogo kidogo huku gemu inaendelea. Ushauri wa "chunga memori" ulibaki umeandikwa kila mahali, sababu yake ikaondoka, na waandishi wa adoni wakaendelea kuuza kwa namba hiyo kwa sababu ndo namba rahisi kuionyesha.

Afu hata hiyo namba yenyewe haiko sawa kama unavyodhani. Adoni nyingi zinabeba maktaba za pamoja ndani yake, vitu vya kuchora vitufe, kupanga fonti, kutunza mipangilio ya mchezaji na kadhalika. Adoni kumi zinaweza kubeba maktaba ileile ila inayotumika ni nakala moja tu, na memori yake anaandikiwa yule aliyeipakia. Yani ile yako ya MB 6 inawezekana imebebeshwa mzigo wa majirani zake wote kwa sababu tu jina lake linaanza na herufi ya mwanzo mwanzo na adoni hupakiwa kwa kufuata alfabeti. Jaribu hili: izime, pakia upya, uone kama adoni nyingine iliyokuwa inasoma ndogo haijanenepa ghafla. Mzigo haujaondoka, umehamia kwa mwingine. Na yule wa KB 200 anaonekana mwembamba kwa kuwa maktaba anazotumia zimeandikwa kwenye daftari la mwenzie. Nimewahi kuona watu wawili wakibishana adoni gani ni nzito, kila mmoja na picha ya skrini yake, wote wako sahihi, tofauti ni adoni zingine walizonazo.

Na kuna vitu ambavyo hesabu hiyo haivioni kabisa. Picha na fonti adoni inazopakia haziko kwenye memori ya Lua, ziko upande wa injini ya gemu, kwahiyo adoni inaweza kubeba mapambo ya kutosha na bado ikasoma KB 150. Pia kuna ujanja halali kabisa wa kugawa adoni vipande, kipande cha mipangilio hakipakiwi mpaka ukifungue. Ni utaratibu mzuri, mi naupenda, ila mtu akikuonyesha namba ya kipande kikuu peke yake akakilinganisha na mpinzani aliyepakiwa mzima hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Haya, kama memori sio uzito, uzito ni nini?

Ni kazi inayofanyika ndani ya fremu moja. Basi. Gemu ikikimbia FPS 60, yani fremu 60 kwa sekunde, maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 hivi za kufanya kila kitu, kusoma mtandao, kusogeza wahusika, kuchora, na adoni zako zote zinakula humo humo. Ukiwa na skrini ya 144 una milisekunde 6.9 tu. Adoni ikichukua milisekunde 2 kwenye fremu umeisikia, hata kama memori yake ni KB 40. Adoni ya MB 30 iliyokaa kimya na orodha yake ya vitu vya sokoni inasubiri ufungue mnada, hiyo haikugusi kabisa ukiwa kwenye pambano. Kikubwa inachofanya ni kuchelewesha kuingia kwenye gemu mara moja pale mwanzo.

Hapa kuna vitu vitatu vya kuangalia na wa kwanza ndo baba lao. Kuna kitu kinaitwa OnUpdate, ni funksheni ambayo gemu inaiita kila fremu. Kila fremu. Reidi ya masaa matatu kwa FPS 60 ni mara 648,000. Mwandishi mwangalifu anaweka kipimo cha muda ndani yake, kwamba kama haijapita robo sekunde toka mara ya mwisho toka nje mara moja, na gharama inakuwa karibu na bure. Asiyejali anaandika upya maandishi yote na kupanga upya orodha nzima kila fremu wakati macho ya binadamu hayawezi kusoma namba ikibadilika mara 60 kwa sekunde. Na kuna kosa moja nalipenda kwa ubaya wake: OnUpdate inaitwa tu kama kidirisha kimeonyeshwa, ukikificha inasimama yenyewe, lakini kuna waandishi wanaokificha kwa kukifanya kiwe wazi kama kioo, alfa sifuri. Wewe hukioni, gemu inajua kipo, inaendelea kukiita usiku kucha. Afu kwenye maelezo wameandika "haitumii chochote ikiwa imefichwa".

Siku hizi kuna wanaojisifu "hatutumii OnUpdate hata moja" na ukifungua faili unakuta wameweka taima inayojirudia kila baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde, ambayo ni mtu yuleyule kabadili shati.

Cha pili ni matukio. Gemu inapiga kelele kila kitu kikitokea, afya ya mtu imebadilika, mtu kapata bafu (nguvu ya muda anayoongezewa mchezaji, sio la kuogea, nacheka kila nikiandika hilo neno), mtu kapiga pigo. Ukiwa mwenyewe msituni matukio ni machache. Ukiwa na watu 40 wanampiga bosi mmoja, yale ya kumbukumbu ya pambano peke yake yanaweza kufika mamia kwa sekunde, na kila adoni iliyojiandikisha inaamshwa kwa kila moja. Adoni nzuri inajiandikisha kwa anachohitaji tu, mfano "niambie afya ya mchezaji huyu na shabaha yake basi". Mbaya inasikiliza kila kitu cha kila mtu afu ndo inaanza kujiuliza ndani, hii yangu? hapana, hii je? hapana. Kila "hapana" moja ni bei ndogo sana. Haba na haba, mamia kwa sekunde, mara adoni 20.

Cha tatu ni takataka, na hapa ndo memori inarudi mlangoni lakini kwa sura nyingine. Kiasi adoni ilichonacho sio muhimu, muhimu ni kiasi inachotupa. Kila ikitengeneza jedwali jipya au kuunganisha maneno mapya afu ikavitupa, Lua lazima ije ivifagie baadaye. Adoni inayotupa KB 1 tu kila fremu kwa FPS 60 inatupa karibu MB 3.5 kila dakika. Kwenye orodha utaiona inasoma KB 250, inapanda mpaka MB kadhaa, inashuka, inapanda, na mpiga picha akiiwahi imetoka kufagiliwa ndo anapata ile picha ya kuweka kwenye tangazo. Kinyume chake kuna mwandishi anayetengeneza majedwali yake mwanzoni akayatunza na kuyatumia tena na tena. Huyo memori yake itakuwa kubwa na imetulia pale pale, na kwa mtu anayehukumu kwa orodha ya memori atamwita mzito. Yani mfanyakazi bora anapata alama mbaya. Hili ndo linaloniudhi kuliko yote kwenye hii biashara ya "nyepesi".

Kwa njia hiyo hiyo usije ukaweka zile adoni za "kusafisha memori". Zinachofanya ni kulazimisha ufagiaji kamili kwa mpigo mmoja, yani zinaturudisha kule 2006, namba inashuka unafurahi, na wakati inashuka gemu imeganda. Mfagiaji wa Lua yupo kazini muda wote, mwache.

Nikuambie na aibu yangu ili usidhani nawasema watu tu. Niliwahi kuandika adoni ndogo ya kuonyesha bafu za kikundi zinaisha lini. Ilikuwa kama KB 90, nikaandika kwa fahari kabisa "nyepesi sana, hutasikia kama ipo". Nilikuwa nimeipima wapi? Mjini, nimesimama peke yangu, FPS haijashuka hata moja, nikasema safi. Mtu akaja kulalamika kwamba kwenye reidi inamuua, nikabishana naye siku mbili, nikamwambia kompyuta yake mbovu (samahani popote ulipo). Siku ya tatu nikaingia reidi nimeweka debugprofilestop kabla na baada ya funksheni yangu, hiyo inakupa muda kwa milisekunde na vipande vyake, nikakuta kila bafu moja ya mtu mmoja ikibadilika nilikuwa natupa orodha nzima ya watu 40 na kuijenga upya kwa majedwali mapya, mtu akiwapa bafu wote kwa mpigo ilijengwa mara 40 ndani ya fremu moja. Dawa yake ilikuwa mistari michache, weka alama kwamba kuna mabadiliko, jenga mara moja fremu ikifika mwisho. Memori haikubadilika. Reidi ilibadilika.

Tokea hapo nikisoma maneno "nyepesi sana" najiuliza tu ilipimwa ukiwa wapi. "Haili CPU ukiwa nje ya pambano", sawa, nje ya pambano nani ana shida? "Mistari 500 tu ya msimbo", funksheni mbaya kuliko zote nilizowahi kuona ilikuwa mistari minne. "Imepungua asilimia 80 kuliko ile nyingine", asilimia 80 ya nini, kama kitu kilikuwa milisekunde 0.05 kikawa 0.01 ni kweli ni asilimia 80, na umeokoa 0.04 kati ya 16.7, hongera. Wahenga walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Adoni ambazo mi naziamini nyingi hazina hata hilo neno kwenye maelezo yake, zina orodha ya mabadiliko inayosema "tumeacha kusikiliza tukio fulani la watu wasiohusika" na vitu vya namna hiyo.

Kuwa mkweli pia, nyingi za "nyepesi" ni nyepesi kwa sababu hazifanyi kitu. Hilo sio tusi, kama wewe unataka afya na jina tu basi chukua hiyo. Ila usilinganishe na ile inayoonyesha bafu, umbali, tishio la bosi na uponyaji unaokuja, afu useme hii imeandikwa vizuri zaidi. Na ukianza kuongeza adoni nyingine tatu ndogo za kuziba mapengo umerudi pale pale, pengine na hasara, maana sasa zote nne zinasikiliza matukio yaleyale kila moja kivyake.

Jinsi ya kupima. Kwa miaka mingi njia ya ndani ya gemu imekuwa ni kuandika /console scriptProfile 1, afu /reload, na kutumia adoni ya kusoma muda wa CPU wa kila mmoja. Inasaidia, ila jua mambo mawili: upimaji wenyewe unapunguza kasi kwahiyo ukimaliza rudisha 0, na tatizo la maktaba lipo hata huku, maktaba ya kugawa matukio inaweza kuandikiwa muda wa kazi za adoni zote zinazoitumia, ukakuta adoni isiyo na hatia ndo imeshika namba moja. Na kazi ya kupanga na kuchora ambayo injini inafanya baadaye kwa sababu ya adoni haimo humo.

Mi naanza na njia ya kijinga kwa sababu haidanganyiki. Zima nusu ya adoni, ingia mapambano ya aina ileile na watu walewale, angalia. Tatizo lipo? Liko kwenye nusu iliyowashwa. Gawa tena. Kwa adoni 60 ni raundi sita tu umempata. Usipime mjini na usipime kwa reidi ya jana na leo zenye watu tofauti.

Na ukisoma FPS (Ctrl+R inaileta) usilinganishe tofauti ya namba kavu kavu. Kutoka 144 kushuka mpaka 120 inaonekana balaa, FPS 24 zimepotea, lakini kwa muda ni milisekunde 1.4 hivi. Kutoka 60 kwenda 55 unaona tano tu, kumbe ni milisekunde 1.5, mzigo ni karibu uleule. Gawanya 1000 kwa FPS upate milisekunde, hapo ndo unalinganisha. Hii pia ni sehemu wanayochezea, mtu mwenye mashine kali anaonyesha "nimepata FPS 24 zaidi!" na wewe wa 60 unategemea 24 zako.

Afu wastani wa FPS hauonyeshi mshtuko. Tatizo lako wewe ni mgando wa mara moja moja, FPS 58 ya wastani inaweza kuwa na fremu moja ya milisekunde 200 ndani yake na namba isikuambie chochote. Sikiliza mdundo wake. Ukijirudia kwa vipindi sawa sawa tafuta kitu chenye taima, kama ule ubao. Ukitokea mtu akifa au bosi akibadili hatua, tafuta anayesikiliza matukio. Ukitokea unapoingia kwenye gemu au ukitoka, angalia mafaili ya SavedVariables ndani ya folda ya WTF, mita ya dameji ya miezi inaweza kuwa imelundika humo faili kubwa linalosomwa ukiingia na kuandikwa ukitoka. Futa historia ya mapambano ya zamani kutoka ndani ya adoni yenyewe, usifute faili kwa mkono kama hutaki kupoteza mipangilio.

Kwahiyo kwako: ubao uzime leo. Ukikuta mshtuko umeisha, rudisha ile adoni yako ya MB 6 kama uliipenda, hukuwa na sababu ya kuiacha. Usipoisha, nusu kwa nusu, na uniandikie unakuja kila baada ya sekunde ngapi.